Jinsi ya Kumpendekezea Kijana Kitabu cha Kuchekesha, Kisha Hadithi ya Kihistoria, Akasoma Mpaka Mwisho

Kila Jumamosi nafungua rafu ya vitabu vya kuazima hapa Iringa, na hakuna Jumamosi inayopita bila mzazi au mwalimu kunijia na lalamiko lile lile: "Nilimnunulia kitabu kizuri cha historia, kiko chini ya kitanda mpaka leo." Nimekaa na wengi wao nikawauliza kitabu kilikabidhiwaje. Karibu wote wamekosea pahali pamoja. Wamempa mtoto historia kabla hajaonja kicheko, tena wamempa kwa maneno ya kumhubiria.

Mwongozo huu ni wa mtoto wa darasa la nne hadi kidato cha nne. Kwa mtoto mmoja tenga wiki tatu. Usiruke hatua ya kwanza hata kama una haraka, maana nyingine zote zimejengwa juu yake.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Vitabu vitano au sita tu: vitatu vya kuchekesha, viwili au vitatu vya kihistoria. Rafu iliyojaa humchanganya mtoto.
- Daftari dogo la kuandika kila mtoto amechukua nini, lini, na alisema nini aliporudisha.
- Ramani ya Afrika Mashariki, hata ile ya kukata kwenye kalenda, ilimradi majina ya miji yasomeke.
- Vipande vya karatasi vya kuweka alama kwenye kurasa.
- Dakika ishirini za utulivu na mtoto mmoja. Hizi ndizo ngumu kupatikana kuliko vyote.

## Hatua ya 1: Soma mwenyewe, utafute ukurasa wa kuonjesha

Usipendekeze kitabu ambacho hujakisoma. Mtoto hukugundua kwa swali moja tu: "Halafu ikawaje?"

Ukiwa unasoma, tafuta ukurasa mmoja ambao mtu asiyejua lolote kuhusu kitabu akiusikia atataka kujua kinachofuata. Weka karatasi hapo. Mara chache sana huwa ni ukurasa wa kwanza. Waandishi wetu wengi hupenda kuanza na maelezo ya mji, hali ya hewa na nasaba ya mhusika, na watoto hufia humo humo. Ukurasa mzuri huwa kati ya wa kumi na wa arobaini.

Onyo: andika pia kurasa zenye mauaji, mateso, mapenzi ya watu wazima au matusi ya ubaguzi. Utazihitaji kwenye hatua ya 6.

Umefaulu ukiweza kusimulia kiini cha kitabu kwa sentensi nne bila kukifungua.

## Hatua ya 2: Jua mtoto anacheka nini

Usimuulize kama anapenda kusoma. Atakujibu "ndiyo, mwalimu" kwa adabu, na hutakuwa umejua kitu. Muulize hivi: "Mara ya mwisho ulicheka mpaka tumbo likauma, ilikuwa kwa sababu gani?" Kisha nyamaza umsikilize.

Majibu huangukia kwenye makundi machache. Yupo anayecheka mnyonge anapomshinda mkubwa kwa akili. Huyo ni wa Sungura na wa Abunuwasi. Yupo anayecheka ujinga wa mtu anayejiona anajua; huyo mpe hadithi za majuha, na ikiwa anapenda maigizo mpe tamthilia ya Farouk Topan, *Mfalme Juha*, ya mwaka 1971. Yupo anayecheka maneno yenyewe, yaani utani, mafumbo, mtu kujibiwa kwa mkato. Na yupo anayecheka mtu akiteleza kwenye tope. Huyu wa mwisho mara nyingi anataka picha, na si dhambi. Wazazi wengi waliosoma *Taifa Leo* walijifunza kusoma kwa raha kupitia katuni za Juha Kalulu.

Nimeona watu wakimpa mtoto wa kundi la kwanza kitabu cha kundi la nne, halafu wakisema mtoto hana ucheshi.

Andika jibu lake kwenye daftari kwa maneno yake mwenyewe.

## Hatua ya 3: Pima ugumu kwa vidole vitano

Fungua ukurasa wowote wa katikati, mtoto asome kwa sauti ya chini. Kila neno asilolijua ainue kidole. Vidole viwili au vitatu, kitabu kinamfaa. Vikifika vitano kabla ukurasa haujaisha, ni kigumu kusoma peke yake, ila mnaweza kukisoma pamoja.

Kiswahili kina jambo lake hapa. Mtoto wa bara anaweza kusoma vizuri kabisa, kisha akakwama kwenye maneno ya pwani. Maneno kama *bweta*, *jahazi* au *ukuti* humwinua vidole vitatu kwa aya moja, wakati hadithi yenyewe ni nyepesi. Ukiona vidole vyote vimeinuliwa kwa maneno ya vitu na si kwa muundo wa sentensi, usimnyime kitabu. Mwandikie maneno kumi kwenye karatasi uichomeke ndani ya jalada.

## Hatua ya 4: Anza na kicheko, na uache kabla utamu haujaisha

Hii ndiyo hatua inayobeba zote zinazofuata.

Chukua *Hekaya za Abunuwasi*. Tafuta kisa cha sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani. Anairudisha ikiwa na kisufuria kidogo ndani yake, anasema, sufuria yako imezaa. Jirani anachukua zote mbili bila kuuliza. Siku nyingine Abunuwasi anaazima tena, na safari hii hairudishi. Jirani anaifuata. Abunuwasi anamwambia kwa huzuni kwamba sufuria imefariki dunia.

Soma kwa sauti mpaka hapo. Funga kitabu.

Usiseme kitu. Mtoto atasema mwenyewe: "Haiwezekani, sufuria haifi!" Wewe muulize, "Na kuzaa, inaweza?" Utaona uso wake. Kuna sekunde mbili hivi ambazo macho yanahama, halafu anacheka kwa sauti, kwa sababu ameugundua mtego yeye mwenyewe kabla hajasomewa. Kicheko cha namna hiyo ndicho kinachomfanya mtoto anyooshe mkono achukue kitabu.

Ukisoma mpaka mwisho umemnyima ugunduzi huo. Ukimweleza funzo la hadithi, kwamba tamaa ni mbaya, umeua kila kitu. Nawaomba sana walimu wenzangu: funzo liache. Litajipenyeza lenyewe.

Mpe kitabu aende nacho. Hadithi ni fupi fupi, anaweza kusoma moja kabla ya kulala, na akiruka moja hapotezi kitu. Ndiyo sababu naanza na mikusanyiko ya hadithi fupi badala ya riwaya.

Kwa watoto wa Bukavu, Bujumbura au Kigali wanaosoma Kifaransa pia, wapo *Astérix* wa Goscinny na Uderzo, walioanza kuchapishwa mwaka 1959. Vichekesho vile viko ndani ya historia tayari: kijiji kimoja cha Wagalia mwaka 50 kabla ya Kristo, kinachokataa kutawaliwa na Warumi. Mtoto aliyecheka na kijiji kile ataelewa vita ya Majimaji, ambayo watu wa kusini mwa Tanganyika waliwakataa Wajerumani, haraka kuliko unavyodhani.

Dalili za kufaulu: anarudi na kisa anachotaka kukusimulia wewe, au unasikia ameshawatega wenzake kwa sufuria iliyozaa.

## Hatua ya 5: Vuka daraja kwa swali lake mwenyewe

Wiki ya pili, karibu kila mtoto huuliza, "Huyu Abunuwasi alikuwepo kweli?" Ukilisikia swali hili, acha unachofanya.

Mjibu ukweli. Alikuwepo mshairi aitwaye Abu Nuwas, aliyeishi Baghdad enzi za khalifa Harun al-Rashid, aliyetawala tangu mwaka 786 hadi 809. Visa vya ujanja tunavyosoma si maisha yake. Watu walilichukua jina lake wakalitundikia vichekesho vilivyokuwa vikizunguka tangu zamani, vingine vikisimuliwa kwingine kwa jina la Juha. Hapo mtoto ameshika jambo kubwa: mtu wa kweli, na hadithi iliyobuniwa juu yake. Sasa yuko tayari kwa riwaya ya kihistoria.

Asipouliza, ichukue ramani umuulize babu na bibi zake wanatoka wapi. Historia inayomgusa kijana kwanza ni ile iliyopita karibu na mlango wao. Hapa kwetu naanza na Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walilivamia jeshi la Wajerumani na kumuua kamanda wake, Zelewski. Watoto wengi wamepita kwenye barabara ile ndani ya basi. Wengine wamefika Kalenga wakaliona fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Nikimtajia mtoto wa namna hiyo tamthilia ya Mulokozi, *Mukwava wa Uhehe*, ya mwaka 1979, sina haja ya kumbembeleza. Mahali anapajua, na anachotaka ni kujua watu walisema nini.

Vitabu vingine ninavyovitumia kwenye daraja hili:

Kwa anayependa mjanja anayefumbua mambo. *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960. Ni hadithi ya upelelezi. Bwana Msa na kiko chake wanamnasa msomaji, na bila kujua anajifunza Unguja ilivyokuwa kabla ya mapinduzi. Kinafaa kuanzia darasa la saba.

Kwa aliyezoea hadithi za wanyama. *Shamba la Wanyama*, kitabu cha George Orwell alichokitafsiri Fortunatus Kawegere mwaka 1967. Kijana huanza akicheka nguruwe na humaliza akiwa kimya. Akimaliza, mwambie kilichotokea Urusi baada ya mwaka 1917, ambacho ndicho kitabu kinakisema kwa mafumbo, kisha umwache asome upya sura ya kwanza.

Kwa kidato cha pili na kuendelea. *Kuli* cha Adam Shafi, kilichochapishwa mwaka 1979, kuhusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948.

Kwa kusoma pamoja nyumbani. Kitabu kikubwa cha Aniceti Kitereza kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alikiandika kwa Kikerewe, akakitafsiri mwenyewe, na kikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Usimkabidhi mtoto kitabu chote, ni kinene mno. Chagua zile sura za mwanzo ambapo mume anakwenda ukweni kumfuata mkewe aliyechukuliwa na wazazi wake. Soma mazungumzo ya wakwe kwa sauti tofauti. Watoto hucheka sana hapo, huku wakiona Ukerewe ya kabla ya ukoloni ikiishi: chakula, pombe ya ndizi, heshima za ukweni.

Onyo kuhusu vitabu vya utotoni mwako. Wazee wengi huniomba *Mashimo ya Mfalme Suleimani*, tafsiri ya mwaka 1929, wakidhani ni hadithi ya kihistoria. Ni hadithi ya safari za hatari iliyobuniwa na Mwingereza, na inamtazama Mwafrika kwa jicho la mkoloni. Kiswahili chake ni kizuri. Kama utampa kijana, kaa naye muijadili.

## Hatua ya 6: Zungumza na mlezi kabla ya kitabu kutoka

Riwaya zetu nyingi za kihistoria ziliandikiwa watu wazima, zikaingia shuleni baadaye. *Vuta n'Kuvute* ni hadithi nzuri mno ya Unguja ya miaka ya 1950, lakini simpi mtoto aliye chini ya miaka kumi na sita. *Kasri ya Mwinyi Fuad* ina ukatili wa mabwana kwa watwana unaoumiza kuusoma.

Kitabu hicho cha pili kina jambo jingine. Kinahusu Zanzibar na mapinduzi ya Januari 1964, na wapo vijana Unguja, Pemba, Maskati au London ambao babu zao walipoteza ndugu au waliondoka usiku kwa mashua. Wapo vilevile ambao babu zao walikuwa watwana. Usikabidhi kitabu cha namna hiyo kimya kimya. Mpigie mzazi, mwambie: "Bi mkubwa, kijana ameomba kitabu kinachogusa mwaka 1964. Ningependa ujue kabla, huenda akakuuliza." Sijawahi kukatazwa. Mara mbili mzazi amekiomba asome yeye kwanza.

## Hatua ya 7: Sema sentensi nne, kisha nyamaza

Zamani nilimkabidhi kijana wa kidato cha pili *Kuli* nikamwambia, "Hiki kitakusaidia sana kwenye somo la historia." Kilirudi baada ya wiki tatu, karatasi yangu ya alama ikiwa pale pale nilipoiweka. Mwaka uliofuata nilimwambia mwingine hivi:

"Bandarini Unguja, mwaka 1948, walikuwepo watu wakibeba mizigo kwa ujira usiotosha hata chakula. Mmoja wao ni kijana anaitwa Rashidi. Siku moja wakaambizana: leo hakuna kubeba. Unadhani wenye kazi walifanya nini?"

Akakishika. Kitabu ni kile kile.

Sentensi nne zina kazi zake: mahali na mwaka, mtu mmoja mwenye jina, jambo linalobadilisha mambo, na swali usilolijibu. Baada ya swali soma ule ukurasa wa kuonjesha, usizidi dakika mbili, kisha weka kitabu mezani katikati yenu. Usimwekee mkononi. Akikichukua mwenyewe na kukigeuza kusoma nyuma ya jalada, kazi yako imekwisha kwa siku hiyo.

Maneno ya kuepuka: "kina mafunzo mengi", "kitakusaidia kwenye mtihani", "sisi tulipokuwa na umri wako tulisoma vitabu kama hivi", na "lazima utakipenda". Hilo la mwisho linaonekana jema, lakini mtoto asipokipenda ataona amekuangusha na hatarudi.

## Hatua ya 8: Mpe ruhusa ya kuacha

Mwambie wazi: ukisoma kurasa thelathini na hujavutwa, rudisha, nitakutafutia kingine. Kwa kitabu chembamba ziwe kumi. Mtoto anayejua anaweza kuacha huthubutu kuanza.

Siku ya tatu muulize "umefika wapi?" na si "umejifunza nini?" Akisema wamefika pale meli ilipoingia, onyesha kwamba unapajua. Inatosha.

Akirudisha bila kumaliza, andika kwenye daftari aliishia ukurasa gani. Watoto watatu wakiishia ukurasa ule ule, shida iko kwenye ukurasa huo, na mtoto wa nne utamsomea wewe sehemu hiyo.

## Hatua ya 9: Tenganisha kweli na kubuni

Hatua hii watu huiacha, ndipo utasikia kijana akijibu mtihani wa historia kwa mambo ya tamthilia.

Mtoto akimaliza, chora safu tatu kwenye karatasi: Kweli, Huenda, Kubuni. Chukua *Kinjeketile* cha Ebrahim Hussein, cha mwaka 1969. Kwenye Kweli ataandika kwamba vita vya Majimaji vilipiganwa 1905 hadi 1907, kwamba mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa dawa ya maji, na kwamba Wajerumani walimnyonga Agosti 1905. Kwenye Kubuni ataandika mazungumzo, na mashaka yanayomsumbua shujaa moyoni. Mwandishi mwenyewe ameeleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha fikra zake, si yule wa historia. Hata tahajia ya jina imetofautiana kidogo; mwonyeshe mtoto.

Safu ya Huenda ndiyo tamu. Humo huingia yale yasiyoandikwa popote lakini yanayowezekana: mama aliyeficha mtama, kijana aliyeogopa. Mwambie akamuulize bibi. Binti mmoja wa darasa la saba alirudi na majina ya mimea mitatu iliyoliwa wakati wa njaa, ambayo bibi yake aliyapata kwa mama yake.

## Ukikwama

Mtoto anasoma Kiingereza tu. Usishindane na vitabu anavyovipenda. Kama anasoma shajara za mtoto mtundu zenye michoro, kama zile za Jeff Kinney, jua anataka sauti ya mtoto mwenzake na picha kila ukurasa. Mwombe akutafsirie ukurasa mmoja kwa Kiswahili, kwa mdomo. Watacheka yeye na wenzake, maana utani hauvuki lugha kirahisi, na hapo atataka kujua Kiswahili kinachekeshaje.

Vitabu havipatikani. Hadithi fupi za bure kwa Kiswahili zipo kwenye mtandao wa African Storybook. Zinafaa kwa hatua ya 4 kwa watoto wadogo. Kwa hatua ya 5 jaribu maktaba ya mkoa. Riwaya za zamani mara nyingi zimo ghalani humo na hakuna anayeziulizia.

Kitabu kimoja, watoto arobaini. Chagua tamthilia. Gawa wahusika, kila mmoja asome sehemu yake akiwa amesimama, kitabu kikipita mkono kwa mkono. Ikiwa ni riwaya, soma wewe ukurasa wa kuonjesha kwa darasa zima, kisha kiazimishe kwa siku nne nne. Kikirudi, usikiweke kwenye rafu: aliyekimaliza asimame mbele, aseme sentensi zake nne, na amkabidhi anayefuata kwa mkono wake.